Mwalimu Aliyekausha Samaki Asiowala

Alikuwa hali samaki. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililotushangaza kuliko yote, sisi tuliofundishwa naye katika chuo cha ufundi pale Kisumu. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake akitafuta namna bora ya kukausha omena, ngege na mbuta, mtu ambaye koti lake la kaki lilinuka moshi wa samaki hata siku ya mahafali, saa ya chakula alikwenda kantini akaagiza ugali na sukuma wiki, na yai kama lipo. Mwanafunzi mmoja aliwahi kumuuliza sababu. Akalisimamisha tonge hewani.

"Wewe umewahi kuona daktari akila wagonjwa wake?"

Kantini nzima ilicheka. Yeye hakucheka. Alimeza tonge lake, akafuta mdomo, akarudi karakana.

Tulimwita Mwalimu, basi. Walimu walikuwa wengi, lakini wenzake walihitaji kuongezewa maneno: mwalimu wa hesabu, mwalimu wa ujenzi, mwalimu wa umeme. Ukisema "Mwalimu amekataa" na kunyamaza hapo, hata bawabu wa getini alijua ni yule wa mitambo.

Mimi nilifika chuoni katikati ya miaka ya themanini, msichana peke yangu katika darasa la mitambo. Ovaroli niliyopewa ilikuwa ya mwanamume mnene, nikaikunja mikono na miguu mpaka nikafanana na mtu aliyevaa hema. Wavulana walifurahi sana siku hiyo. Mwalimu aliingia, akatutazama, akampa kila mmoja wetu vipande viwili vya chuma na kutuamuru tuviunganishe kwa kuchomelea. Hakueleza chochote. Tulipomaliza alipita meza kwa meza akiinua kazi zetu kwa koleo, anageuza, anarudisha chini. Alipofika kwangu wavulana wakasogea kusikia.

"Mbaya," alisema. "Mbaya kama zao. Karibu darasani."

Nimekaribishwa mahali pengi tangu siku ile, pengine kwa maua na kwa hotuba. Sijawahi kukaribishwa vizuri kama vile.

Sifa hakujua kuzitoa. Neno lake kubwa la kumsifu mtu lilikuwa "haijaharibika". Ukipeleka kazi uliyoisumbukia wiki nzima, akaikagua, akasema "haijaharibika", ulitoka nje ukiruka. Nililipata neno hilo mara chache tu, na nakumbuka kila mara nilikuwa nimesimama wapi. Lakini kazi mbovu ilimwasha. Kijana mmoja aliwahi kumletea valvu iliyopinda, naye akaitupa nje dirishani mbele yetu sote. Mchana ule, tukiwa tumepumzika kwenye ukuta, tulimwona amepiga magoti nyuma ya karakana anapapasa nyasi kwa mikono miwili. Aliipata. Kesho yake ilikuwa juu ya meza ya yule kijana, imenyooshwa kidogo upande mmoja, upande wa pili umeachwa ili mwenyewe amalizie. 

Na viatu vyake! Kisumu ina vumbi kiangazi na tope masika, na karakana ina grisi mwaka mzima, lakini viatu vya Mwalimu viling'aa kama vya askari wa gwaride. Alikuwa na kitambaa maalumu mfukoni. Tulikuwa tukisema kwamba akianguka ziwani atakwenda chini ameinua miguu. Kuanguka ziwani kwenyewe kusingetokea, maana aliliogopa. Alifanya kazi ufukweni miaka yote ile na sikumwona hata mara moja akipanda mtumbwi. "Maji ni ya samaki," alisema. "Mimi nawangoja hapa."

Darasani alikuwa na vita na neno "sana". Ukimwambia boila ina moto sana, alikugeukia: "Usiniambie ni moto sana. Niambie ni moto kiasi gani." Mtu akisema amechelewa kwa sababu mvua ilinyesha sana, alimuuliza ilinyesha kiasi gani. Tulianza kwa kumcheka na tukaishia kuwa kama yeye. Mpaka leo mtoto wangu akisema ana njaa sana, ulimi wangu unaniwasha.

Kuhusu elimu yake kulikuwa na hadithi nyingi. Ilijulikana kwamba alianza kama kijana wa kazi katika karakana ya reli, akapelekwa ng'ambo kusoma, akarudi. Walimu wengine waliokwenda ng'ambo walirudi na shahada ya udaktari na kuiandika mlangoni. Mlango wake haukuwa na kitu. Wako waliosema alifukuzwa kwa siasa. Wako waliosema alimpenda mzungu, na baba wa mzungu akaingilia. Hadithi ya tatu ilisema kwamba alikuwa na udaktari ila hakutaka makuu. Hiyo ndiyo tuliyoipenda zaidi.

Siku moja kijana wa mwaka wa pili, mjuaji kidogo, alimwuliza mbele ya darasa zima: "Mwalimu, ni kweli kule ulikatazwa kumaliza?"

Mwalimu aliweka chaki chini. "Nani alinikataza? Nilifeli."

Kijana akaketi.

"Mtihani ulinishinda. Baridi nayo ilinishinda. Walinipa kazi ya kupoza mitambo ya ndege, na mimi kila nikikaa kuandika nawaza omena zinazooza ufukweni mvua ikinyesha. Nikaandika vibaya, wakaniangusha, na walikuwa na haki. Kuna swali lingine?"

Aliokota chaki.

"Haya. Turudi kwenye mvuke."

Baada ya siku hiyo zile hadithi zilikufa, na nafikiri wengine wetu tulihuzunika kidogo, maana ya mzungu ilikuwa tamu. Lakini nilimwona kwa namna nyingine. Sikuwa nimewahi kumsikia mtu mzima akilisema neno "nilifeli" kwa sauti ileile anayosemea "nimekula".

Nilipomaliza masomo nilifanya kazi kidogo katika kiwanda cha sukari, kisha chuo kikanirudisha kama mwalimu mdogo wa idara ileile. Hapo ndipo nilipomjua vizuri, yeye na Bwana Umeme.

Bwana Umeme alikuwa mwalimu wa umeme, Mwislamu wa mjini, wazee wake walitoka pwani zamani reli ilipojengwa. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba sisi wengine tuliona haya kufungua midomo. Yeye utafiti wake ulikuwa upepo. Aliamini kila kitu katika dunia hii kinaweza kuendeshwa na upepo kama watu wangekuwa na subira. Mwalimu aliamini katika moto. Chuo, kwa ubahili wake, kiliwaweka ofisi moja, na vita vyao vilikuwa vya dirisha. Bwana Umeme alilifungua apate kusikia upepo umekaaje. Mwalimu alilifunga kwa sababu vumbi lilitua kwenye samaki wake wa majaribio, ambao aliwaweka kwenye trei juu ya kabati.

"Bwana, ofisi hii inanuka," Bwana Umeme alikuwa akisema.

"Inanuka utafiti."

"Utafiti wako umekwisha kufa siku nyingi. Uzike."

Walisemezana hivyo miaka na miaka. Lakini mwezi wa Ramadhani ulipofika, Mwalimu, ambaye alikuwa mtu wa kanisa na mtu wa chai kupita kiasi, alichukua kikombe chake akaenda kukinywea nyuma ya karakana, amesimama juani, jasho linamtoka. Siku zote za mfungo. Nilimkuta huko mara moja nikamuuliza mbona hanywi chai ofisini kwenye kivuli. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza mbona amevaa suruali.

Mkuu wa chuo alipotaka kutoa kijitabu cha kututambulisha, kila mwalimu aliombwa aandike historia yake kwa ufupi na mambo anayoyatafiti. Kazi ya kukusanya maandishi ya idara yetu ilinishukia mimi. Mwalimu wa hesabu aliandika kurasa mbili. Bwana Umeme aliandika moja, nzuri, yenye neno "tufani" ndani yake. Mwalimu alinipa kipande cha karatasi: *Nilianza reli. Ninakausha samaki.*

Mkuu wa chuo alimwita, nami nikiwa nimesimama pale na karatasi mkononi.

"Mzee, hii itasomwa na watu wa wizara."

"Wasome. Hata wao wanakula samaki."

"Ongeza basi. Andika kitu kama 'matumizi ya nishati katika uhifadhi wa mazao ya ziwa'."

Mwalimu alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, hakukataa ushauri kabla ya kuupima. "Hiyo," alisema mwishowe, "ni kukausha samaki ukiwa umevaa tai."

Kijitabu kilitoka na sentensi zake mbili, peke yake kwenye ukurasa, na nafasi nyeupe chini yake.

Sasa niseme juu ya Port Victoria, ufukwe wa wavuvi karibu na mpaka wa Uganda, maana huko ndiko alikoaibika na huko ndiko alikoheshimiwa.

Wakati wa mvua ndefu wanawake wa kule walipata hasara ya kuumiza. Omena, dagaa wa ziwani, huanikwa juani juu ya nyavu zilizotandazwa, na jua lisipotoka siku mbili huwa chakula cha kuku. Mbuta nao, jinsi walivyo na mafuta, ukiwaacha kidogo wameharibika. Mwalimu aliwajengea tanuri la matofali, lenye trei za waya ndani, moto chini, samaki juu. Alikuwa amelijaribu chuoni na samaki wachache, likafanya kazi. Mama mmoja mchuuzi, mwanamke mwenye kifua na sauti, ambaye wenzake walimfuata katika kila jambo, alikubali kumpa mzigo wake wote wa mbuta kwa jaribio la kwanza. Nilikuwapo. Nilibeba kipimajoto.

Mafuta ya mbuta yalianza kudondoka motoni. Kwanza tukasikia vitone, tss, tss, na Mwalimu akatabasamu. Kisha moto ukapanda ghafla, ukashika trei ya chini, ukashika ya juu yake, na kabla hatujapata mchanga wa kutosha tanuri zima lilikuwa linaunguruma. Lilipotulia, Mama wa Port alichungulia ndani.

"Mwalimu," alisema, "hiyo nyumba yako imekula samaki yangu yote. Sasa mimi nitakula nini? Matofali?"

Hakuna aliyecheka. Ule mzigo ndio uliokuwa wa kumlipia nyavu na wa kuwalisha watoto. Nilidhani Mwalimu atasema juu ya mafuta, au kuni, au upepo. Alivua kofia. Akawaita wanawake wote waliokuwa ufukweni, akangoja wakaribie, akasema kwa Kijaluo kwanza na halafu kwa Kiswahili, kwa ajili ya wageni waliokuwapo: "Kosa ni langu. Nilijaribu na samaki wachache, nikaja kuwaahidi kwa samaki wengi. Mama hana kosa, moto hauna kosa. Nitarudi."

"Urudi na nini?" Mama akauliza.

"Sijui bado."

Tulirudi Kisumu. Jumatatu asubuhi nilikuwa ofisini kwao nikichukua funguo alipoingia. Alikwenda moja kwa moja dirishani, akalifungua mwenyewe, wazi kabisa. Bwana Umeme akainua kichwa kutoka kwenye gazeti.

"Bwana," Mwalimu alisema, "nieleze upepo."

Ningetegemea maneno ya kuchoma. Kwa miaka yote ile Bwana Umeme alikuwa akiyaweka akiba. Lakini alikunja gazeti taratibu, akavuta kiti cha pili. "Kaa, ndugu yangu," alisema. "Mchana hutoka ziwani. Asubuhi hutoka bara. Wewe mlango wako wa moto umeutazamisha wapi?"

Walikaa pale mpaka chai, na baada ya chai, na darasa la Bwana Umeme la mchana likaachiwa mimi, ambaye sikujua umeme. Jumamosi iliyofuata walikwenda Port wote wawili, na Jumamosi nyingine, na nyingine. Walibomoa wakajenga. Moto ukahamishwa pembeni, usiwe tena chini ya samaki. Mlango ukageuzwa uangalie ziwa. Bwana Umeme, shati jeupe na kofia ya kiua, alikanyaga udongo wa matofali kwa miguu mitupu huku akilalamika kwa Kiswahili kizuri ajabu, na wanawake wakawa wanamchokoza ili waendelee kumsikia.

Mara ya pili Mama wa Port alileta samaki mmoja tu. "Huyu akiungua nitalia kidogo," alisema. Hakuungua. Akaleta watatu. Kisha kapu. Masika yale, mvua ikimwagika, kulikuwa na mbuta waliokauka vizuri, rangi ya chai ya maziwa, wakipangwa kwenye makapu kwenda masoko ya mbali. Mama alimvunjia Mwalimu kipande akampa mbele ya watu wote. Macho yote yalimwelekea. Mimi na Bwana Umeme tulitazamana, tukijua.

Alikila. Kipande chote, mpaka ngozi.

"Je?" Mama akauliza.

"Haijaharibika," alisema Mwalimu, na machozi yalikuwa yanamlengalenga, ya kichefuchefu au ya kitu kingine, sikuuliza.

Matanuri yakaenea. Kufikia mwanzo wa miaka ya tisini ulikuwa ukipita ufuo wowote kuanzia Port kuja Kisumu unaona moja au mawili, mengine yamejengwa na watu ambao hawakuwahi kumwona. Halafu gugu maji likaja, likafunika ghuba mpaka ukadhani unaweza kutembea juu yake, mitumbwi ikakwama, na viwanda vya minofu vikachukua mbuta wazuri, watu wetu wakabaki kununua mgongo wazi, ule mfupa wenye kichwa na nyama kidogo ubavuni. Mwalimu alijaribu kukausha gugu lenyewe liwe kuni. Lilifuka moshi bila joto. "Hili gugu halina hata adabu ya kuwaka," alisema, akaliacha. Bwana Umeme alistaafu akaenda kuishi kwa binti yake Mombasa, na dirisha la ofisi, ambalo sasa halikuwa na mtu wa kulipigania, likabaki wazi. Mwaka uliofuata Mwalimu naye alistaafu.

Mara ya mwisho kuzungumza naye kwa kirefu ilikuwa nyumbani kwake mtaa wa Migosi, mwishoni mwa miaka ya tisini, Jumapili mchana. Nilikuwa nimepata nafasi ya kwenda kusoma zaidi, na waliotoa nafasi walitaka niseme nitatafiti nini. Nilimwendea anipe wazo. Nilimkuta amekonda, amekaa kwenye kiti cha kamba barazani, mke wake akituletea chai na njugu.

"Sikupi," alisema. "Nikikupa swali langu utakuwa unanijibu mimi. Ulikuwa wapi mwezi huu?"

"Port."

"Uliona nini?"

Nilikunywa chai. Nilikuwa nimeona kitu, na nilikuwa nimekuja pale nikiwa nimejiapiza kutokisema.

"Matanuri yanafanya kazi, Mwalimu."

"Sikukuuliza matanuri. Uliona nini?"

Mke wake aliinuka kimya akaingia ndani, nami nikasema. Nilisema kwamba nilimkuta Mama wa Port ameketi nje ya tanuri lake, na binti yake ndiye sasa anayeshughulika na moto. Nilipomwamkia, Mama alinyoosha mkono upande ambao sikuwapo. "Ni wewe, nyathina?" alisema, akiniita mwanawe kwa Kijaluo. "Macho imekwisha. Siku hizi najua watu na sauti." Na binti alikuwa anakohoa, kikohozi kizito cha kifuani, na wanawake wa matanuri jirani walikuwa wanakohoa vilevile, na wote walikuwa na macho mekundu. Moshi unatokea mlangoni, Mwalimu, nilisema. Samaki wanakauka vizuri, lakini moshi wote unawarudia usoni, mwaka baada ya mwaka.

Nilitegemea aulize kiasi gani. Hakuuliza. Aliweka kikombe chake chini.

"Bomba," alisema. "Bomba la moshi nililifanya fupi, halivuti. Mabati hayakutosha siku ile, na wanawake walikuwa na haraka, na mimi nilikuwa na haraka kuliko wao. Nikasema nitarudi kulirefusha. Halafu wengine wakaja kuiga, wakaiga fupi."

"Hukujua kwamba..."

"Nilijua moshi ni moshi. Nilikuwa napima samaki." Alijifuta uso kwa kiganja. "Sikuwapima wale mama."

 Nilitaka kusema juu ya watoto waliosomeshwa na samaki wale, na ingekuwa kweli, lakini nilimjua; asingeipokea.

Akainuka. Alinisindikiza mpaka getini, polepole, na pale akashika nguzo.

"Basi swali lako umelipata. Nenda ukanikosoe."

"Mwalimu, siwezi kwenda kule kuandika kwamba wewe..."

"Unaweza. Anza na bomba. Halafu pima vifua vyao, macho yao, kila kitu ambacho sikupima. Na uandike jina langu. Usije ukaandika 'mzee mmoja wa Kisumu'. Tanuri lina mwenyewe."

"Utakasirika."

"Nitakasirika sana," alisema. "Nenda tu."

Hapa nimemwita Mwalimu kwa sababu ndivyo tulivyomwita. Katika ule utafiti nililiandika jina lake lote, pale mwanzo, kabla ya langu, na kwenye mstari uliofuata ndipo nilipoanza na bomba.